Elijah Masinde: Nabii wa Maeni aliyefungwa na Mfalme, kisha akafungwa na Jamhuri

Mnamo Februari 10, 1948, umati wa watu ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Malakisi, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Bungoma, ukitaka wenzao waliokuwa wamekamatwa waachiliwe huru. Bunduki zilikuwa upande mmoja tu. Moshi ulipotulia, watu 11 walikuwa wamekufa na wengine wengi walikuwa na majeraha.

Serikali ya kikoloni haikuhitaji kuuliza sana ni nani aliyewatia watu hao ujasiri wa kusimama mbele ya askari wa Mfalme. Jina lilikuwa tayari limeandikwa katika majalada ya mkuu wa wilaya, ya polisi na hata ya hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Lilikuwa jina la Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa.

Vijana wengi wa leo humchanganya na Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka wa 1992 ambaye jina lake lilipewa chuo kikuu kilichoko Kakamega. Wote wawili walikuwa Wabukusu na wote walipigania ardhi ya Kitale. Hata hivyo, Muliro aliipigania katika bunge na mikutano ya vyama, naye Elijah aliipigania kwa sala na sadaka, na kwa ukaidi ambao haukuvunjwa na serikali yoyote aliyoishi chini yake.

MWANASOKA WA KIMILILI

Masinde alizaliwa Kimilili kati ya mwaka wa 1908 na 1912. Kabla ya kuitwa nabii, aliitwa mchezaji. Alikuwa mtu mwenye nguvu na mbio, nahodha wa timu ya soka ya kwao, na mwaka wa 1930 aliiwakilisha Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano ambayo ndiyo mama wa kombe la CECAFA la siku hizi. Wanahistoria wachache huutilia maanani ukurasa huu wa maisha yake, ingawa unaeleza jambo muhimu: miaka mingi kabla ya kuanza kuhubiri, watu wa Kimilili, Malakisi na Webuye tayari walimjua kwa sura na kumshangilia kwa jina.

Alibatizwa katika misheni ya Marafiki, Wamarekani waliofungua kituo chao cha kwanza Kaimosi mwaka wa 1902 na kuenea hadi nchi ya Wabukusu. Kanisa hilo lilimtenga alipooa mke wa pili. Kwa Masinde, jambo hilo halikuwa dogo. Abrahamu na Yakobo walikuwa na wake zaidi ya mmoja na Mungu akawabariki. Kwa nini basi Mwafrika afukuzwe kanisani kwa kufuata desturi ya babu zake? Swali hilo halikumwacha tena.

Kwa kipindi fulani alifanya kazi katika mahakama ya wenyeji ya Kimilili, akiwapelekea watu hati za kuitwa kortini. Hivyo aliujua utawala wa kikoloni kutoka ndani. Aliwaona waliotozwa faini, walioshindwa kulipa kodi, na machifu walioneemeka kwa jasho la wengine.

FALME MBILI JUU YA KICHWA KIMOJA

Ili kuelewa hasira ya Masinde, sharti msomaji arudi nyuma hadi mwaka wa 1895, kabla yeye hajazaliwa. Wakati huo Waingereza, wakiongozwa na C. W. Hobley, walikuwa wamepiga kambi Mumias, kwenye makao makuu ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Wabukusu hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake, na jamii ilijikinga ndani ya ngome zilizozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Walipodaiwa kusalimisha bunduki zao walikataa, na kikosi cha askari Wasudani kilichotumwa kwao kikaangamizwa.

Adhabu ilifuata. Jeshi la Hobley, likisaidiwa na Wasudani, Waganda na Wawanga, liliivunja ngome ya Lumboka, kisha likaikabili ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye. Mikuki na bunduki chache za zamani zilikutana na mzinga na bunduki ya Maxim. Wabukusu walikufa kwa mamia, mifugo yao ikachukuliwa.

Baada ya vita ukaja utawala, na utawala huo ulikuwa na sura mbili. Juu kabisa alikuwa Mfalme wa Uingereza, ambaye hakuna mtu wa Kimilili aliyewahi kumwona. Chini yake alikuwa Nabongo Mumia, aliyefanywa chifu mkuu mwaka wa 1909, na jamaa zake wakatumwa kutawala jamii ambazo hazikuwahi kumtii. Kimilili ilipewa Murunga, wa ukoo wa Mumia, aliyetawala kwa miaka mingi. Hivyo Wabukusu walijikuta wakitozwa kodi kwa jina la mfalme mmoja na mikono ya ukoo wa mwingine. Hata jina lao liliondolewa. Katika vitabu vya serikali waliitwa Kitosh, jina la dharau walilobandikwa na majirani.

Jambo la tatu lilikuwa ardhi. Kaskazini, katika nyanda za Trans Nzoia ambako Wabukusu, Wasabaot na wafugaji wengine walilisha mifugo yao, serikali iliwagawia mashamba walowezi wa kizungu, wengi wao wakiwa wanajeshi waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mahindi ya mzungu yakaanza kusafiri hadi pwani. Wenyeji walirudi katika ardhi hiyo wakiwa maskwota, wakiruhusiwa kulima kipande na kufuga ng'ombe wachache mradi wafanye kazi kwa mwenye shamba si chini ya siku 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka wa 1937 iliwapa walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo za kazi na kupunguza idadi ya mifugo ya maskwota. Ilipoanza kutekelezwa katika miaka ya 1940, familia nyingi zililazimika kuuza ng'ombe au kurudi Kimilili zisikokuwa na pa kuishi.

Si kila mtu aliyejibu dhuluma hizi kwa njia moja. Pascal Nabwana na wenzake walikuwa wameanzisha Kitosh Education Society mwaka wa 1936 kutafuta shule, na baadaye Muungano wa Wabukusu kutafuta machifu wao wenyewe. Hao waliandika barua na kupeleka maombi. Masinde alichoka na barua.

MAGUGU, VITA NA MATHARE

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali ilichukua vijana kwa nguvu kwenda jeshini na katika mashamba ya walowezi. Pia ilianzisha kampeni ya kung'oa magugu yenye maua ya manjano na harufu kali yaliyokuwa yakienea mashambani. Masinde alikataa. Aliona kwamba magugu hayo yaliletwa na wageni, kwa hivyo wageni wenyewe ndio waliopaswa kuyang'oa. Aliwahimiza watu wasitoe vijana wao wala kutii maafisa wa kilimo. Mwaka wa 1944 ukaidi wake ulizua makabiliano na watu wa chifu, naye akafikishwa kortini na kufungwa.

Hapo ndipo serikali ilipofanya uamuzi ambao umekuwa ukijadiliwa hadi leo. Mwaka wa 1945 Masinde alitangazwa kuwa mgonjwa wa akili na kupelekwa hospitali ya Mathare, Nairobi. Hospitali hiyo ilisimamiwa na Dkt J. C. Carothers, yuleyule ambaye mwaka wa 1954 aliiandikia serikali ya Kenya kitabu cha kueleza Mau Mau kama tatizo la akili ya Mwafrika. Ni vigumu kuamini kwamba utawala uliouona uasi wa kabila zima kuwa maradhi ungeweza kumtazama Masinde kwa jicho la haki. Kwa upande mwingine, wapo waliomjua ambao walikiri kwamba alikuwa mkali kupita kiasi na alipandwa na ghadhabu upesi. Hata hivyo, madaktari walimwachilia mwaka wa 1947, na yaliyofuata yaliongozwa na mtu aliyejua vyema alichokuwa akikitafuta.

KURUDI CHETAMBE

Mnamo Septemba 1947 Masinde aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe. Walipanda kilima kile ambako baba na babu zao waliuawa miaka 52 iliyotangulia, wakachinja sadaka na kuwaombea wafu. Kwa Waingereza, huo ulikuwa mkutano usio na kibali. Kwa waliokuwapo, ilikuwa matanga ambayo hayakuwahi kufanywa.

Katika lugha ya Kibukusu, msambwa ni roho ya mababu na mila zinazowaunganisha walio hai na waliotangulia. Dini ya Msambwa ilimwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, na kuutazama Mlima Elgon kama mlima mtakatifu. Haikuitupa Biblia, hasa Agano la Kale lenye watu wa Mungu waliotoka utumwani. Masinde pia alisimama katika mlolongo wa waonaji wa jamii yake kama Mutonyi wa Nabukelembe, ambaye husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wazungu kabla hawajafika.

Mahubiri yake yaligeuka haraka kuwa siasa. Wazungu waondoke. Kodi isilipwe. Shamba la Trans Nzoia lirudi kwa mwenyewe. Wamisheni wafunge virago vyao. Taarifa za maafisa wa kikoloni zinasema kwamba vuguvugu hilo lilitaka Waafrika wawe na gavana wao, wakuu wao wa wilaya, na hata mfalme wao. Jambo hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Jamii isiyokuwa na mfalme, iliyoumizwa na wafalme wawili, ilizungumza juu ya kumtawaza wa tatu. Pengine neno hilo lilikuwa na maana ya mamlaka tu, kwa kuwa katika miaka hiyo hakuna aliyekuwa ameonyeshwa serikali ya namna nyingine. Vuguvugu lilijua vizuri nani aondoke na nini kirudishwe. Namna ya kutawala baada ya hapo haikuwahi kuelezwa kwa ukamilifu. Udhaifu huo ulionekana wazi uhuru ulipokuja.

Mapema Februari 1948 wafuasi walielekea misheni ya Kikatoliki ya Kibuk wakitaka mapadri waondoke. Watu wakakamatwa. Siku chache baadaye damu ikamwagika Malakisi. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na mwezi huohuo Masinde akatiwa mbaroni. Pamoja na wenzake Joash Walumoli na Benjamin Wekuke, alipelekwa uhamishoni Lamu, mbali kabisa na milima aliyoiita mitakatifu.

MOTO BILA MWENYEWE

Kumwondoa Masinde hakukuuzima moto. Nyumba na mali za walowezi ziliendelea kuchomwa Trans Nzoia, na imani ikavuka mpaka hadi kwa Wagisu na Wasebei wa Uganda. Mpokot mmoja, Lukas Pkech, aliyeipokea dini hiyo, aliihubiri miongoni mwa wafugaji wa Baringo. Mnamo Aprili 24, 1950, wafuasi wake walikabiliana na kikosi cha serikali pale Kolloa. Maafisa watatu wa kizungu na askari mmoja Mwafrika waliuawa. Wapokot 29 pia walikufa, Pkech akiwa mmoja wao, na baadaye watu saba wakanyongwa. Wapokot walitozwa fidia ya mifugo na kazi ya kulazimishwa.

Yote haya yalitukia kabla ya hali ya hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Historia ya ukombozi inayofundishwa shuleni huanzia mara nyingi katika milima ya Aberdare, na wazee wa Bungoma wana haki ya kunung'unika kwamba Malakisi na Kolloa hupewa mistari michache tu, zikipewa kabisa.

Masinde akiwa uhamishoni, mfalme aliyemfunga, George wa Sita, alifariki Februari 1952. Binti yake, Elizabeth, alipata ufalme akiwa ziarani papa hapa Kenya. Mfungwa wa Lamu hakuachiliwa. Alibaki kizuizini hadi miaka ya mwanzo ya 1960, alipokaribishwa Bungoma kama shujaa.

UHURU NA BEI YAKE

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Wengi husahau kwamba kwa mwaka mmoja zaidi Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa dola, akiwakilishwa na Malcolm MacDonald kama gavana mkuu. Jamhuri ilitangazwa Desemba 12, 1964. Siku hiyo ndiyo ufalme ulipoondoka rasmi Kimilili, na kwa hesabu hiyo mapinduzi ya Masinde yalikuwa yameshinda. Marufuku dhidi ya dini yake yaliondolewa.

Lakini ardhi haikurudi kwa namna aliyoitabiri. Serikali mpya ilikubali kununua mashamba ya walowezi kwa mikopo, kisha wenyeji wakagawiwa na kutakiwa kulipa. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni, na mengine yakaangukia mikononi mwa wakubwa serikalini. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalibaki makubwa. Mwaka wa 1965 shirika la serikali la ADC lilianzishwa na kupewa baadhi yake. Hata mpaka haukuwaridhisha: tume ya mipaka ya mwaka wa 1962 ilikuwa imeiweka Kitale katika eneo la Bonde la Ufa, jambo lililowauma Wabukusu na lililompa Masinde Muliro vita vya kisiasa vya miaka mingi. Kwa mtu aliyeamini kwamba mali iliyoibwa hurudishwa, kumwambia achukue mkopo ili ainunue lilikuwa tusi.

Masinde aliendelea kuhubiri kama kwamba hakuna kilichobadilika. Mwanzoni aliipa serikali ya Jomo Kenyatta imani yake, lakini imani hiyo haikudumu. Mnamo Oktoba 1968 Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku tena, safari hii na Waafrika. Mzee huyo alisukumwa gerezani mara kwa mara, akishtakiwa kuchochea chuki za kidini na kuvuruga amani. Aliachiliwa baada ya Daniel arap Moi kuingia madarakani mwaka wa 1978, kisha akakosana na maafisa wa dola na kukamatwa tena.

Hatima hiyo haikumpata peke yake katika Afrika Mashariki. John Okello, aliyetangaza kuanguka kwa Sultani Jamshid wa Zanzibar mnamo Januari 1964, hakumaliza hata miezi mitatu kabla ya kufukuzwa visiwani na wale aliowafungulia mlango wa ikulu. Tofauti ni kwamba Okello alihofiwa kwa sababu ya bunduki zake. Masinde hakuwa na jeshi, na hoja kwamba mzee mwenye fimbo na sadaka alihatarisha usalama wa jamhuri haijawahi kuwa na nguvu.

Hata hivyo haifai kumtakasa. Katika mahubiri yake hapakuwa na nafasi kubwa kwa waliochagua kanisa, na Wabukusu wengi Wakristo, Marafiki kwa Wakatoliki, walimwogopa. Shule ambazo wafuasi wake walizishuku ndizo zilizozaa walimu, madaktari na wabunge wa Bungoma. Njia ya Nabwana, ya barua na shule, ilileta matunda ambayo njia ya Masinde haikuleta. Lakini ni Masinde aliyeuliza swali la ardhi bila kulipamba, na ndiye aliyekataa kuliacha baada ya wengine kupata vyeo.

Alifariki mwaka wa 1987 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 75, na akazikwa nyumbani Maeni. Tangu hapo wanasiasa wamekuwa wakilikimbilia jina lake kila msimu wa kampeni, hasa kwa ajili ya unabii anaodaiwa kuutoa kwamba uongozi wa nchi ungewafikia Waluhya kwa kupitia jamii iliyo kando ya ziwa. Kila mmoja huufasiri kwa faida ya chama chake. Ni wachache kati yao wanaotaja mashamba ya Trans Nzoia.

Miaka 19 baada ya kifo chake, mwaka wa 2006, bunduki zilianza kulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wapiganaji wa SLDF walichukua silaha kwa sababu ya ugawaji wa mashamba ya mpango wa makazi wa Chebyuk, na mamia ya watu wakauawa. Machi 2008 serikali ilituma jeshi, na wanaume wa vijiji vingi wakakusanywa na kuhojiwa, wengine wakiteswa na wengine wasirudi tena. Wakazi waliokimbia walitelemka hadi Kimilili na Cheptais wakiwa na mizigo vichwani, wakiuliza ni nani aliyeandika orodha ya waliopewa ardhi na kwa nini majina yao hayakuwamo.